Aliyeitwa kwa Nyuma

Saa nne asubuhi

Chumba cha nyuma cha Mzee Kau kilinuka gundi na ubani. Humo ndimo mzee alimotengenezea nyumba za karatasi, zile za kuchomewa wafu ili nao wapate pa kulala. Moja ilisimama katikati ya chumba juu ya mkokoteni. Ghorofa mbili, madirisha mekundu, gari mlangoni, hata mbwa wa karatasi. Chini ya sakafu yake Kau alikuwa ameacha uwazi mkubwa, na uwazi huo haukuwa wa mfu yeyote.

Hok alichovya kidole kwenye chai akachora mezani. Mstari mrefu, huo ushoroba wa magati. Duara, hilo hekalu la Mazu, mama wa mabaharia. Mraba, hiyo bohari ya forodha ya Muungano.

"Mzigo uko hapa," akasema. "Chombo cha kutokea kiko huku. Katikati kuna milango ya moto. Siku zote ikinusa moshi inajifunga, na ikikubana unatoka vipande. Leo imezimwa. Sirudii, kwa hiyo sikilizeni."

Imezimwa kwa sababu ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba. Siku hiyo kituo chote cha angani cha Haian hutoa meza nje. Watu hupanga wali, bata, matunda na pombe, wakachoma pesa za karatasi kuwalisha wafu wenye njaa. Wafu hao hawaitwi wafu. Huitwa ndugu wema, maana hakuna anayetaka kuwaudhi. Muungano walipokitwaa kituo baada ya vita walijaribu kupiga marufuku moshi. Mabibi wa Haian wakaenda kulala mbele ya ofisi zao, wao na meza zao na bata wao, na siku ya pili wakubwa wakanywea. Basi mchana mmoja kwa mwaka kengele za moshi zinazimwa na milango inabaki wazi.

Na mzigo? Dhahabu ya Mazu. Baharia wa Haian akirudi mzima kutoka kwenye barafu zinazoizunguka sayari ya Mshtarii humvisha mama huyo kidani shingoni, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za bahari ya maji. Muungano walimvua vyote wakasema ni fidia ya vita. Kesho yake vingepakiwa kwenda Duniani.

"Tukishaiba tunamrudishia?" Kau akauliza.

"Nusu," Hok akasema.

"Nusu ya vitu vyake mwenyewe?"

"Nusu nyingine ujira wetu wa kumkombolea. Mama anajua watu wanakula."

Bihong alicheka mpaka popoo ikamtoka mdomoni. Huyu Bihong alikuwa rubani wa chombo cha kuvuta vipande vya barafu, mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa ngumi. Kau alikuwa mzee wa karatasi, mkono mtulivu, mdomo mchafu. Hok, jina lake kamili Tan Thiam-hok, ndiye aliyekuwa mharamia wa Haian wakati wa vita, aliyechoma msafara wa Muungano na kutoweka. Kichwa chake kinatafutwa mpaka leo. Wa mwisho alikuwa Iusin, mfagiaji wa bohari ya forodha. Wanne. Na kwa kuwa nne kwa lugha yao inafanana na kifo, Hok alisema wako watano wakimhesabu Mazu.

Iusin aliweka ufunguo mezani. Kau akauokota, akaugeuza, akaunusa.

"Umeupataje huu?"

"Nimeuiba."

"Njagu wa Muungano anaibiwa ufunguo na haulizi?"

"Mzee, mwache dogo," Hok akasema. "Dogo ni wangu."

Iusin akainamia chai yake.

Hok akagawa majina, maana mwezi wa saba hakuna anayetamka jina la mtu ovyo, na redioni ndiyo kabisa. Ndugu wema wakilisikia wanalifuata. Bihong akawa Kisigino. Kau akawa Sufuria. Iusin akaitwa Uji. Hok mwenyewe Bihong alimbatiza Bibi Harusi, na ukali wote wa Hok haukusaidia kitu, jina likaganda.

"Na mkiitwa majina yenu kwa nyuma?" Kau akauliza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Hatugeuki," wakajibu pamoja, kama watoto darasani. Iusin naye alijibu.

Kila mtoto wa Haian hulishwa hilo pamoja na uji. Ukiitwa kwa nyuma mwezi wa saba, usigeuke, usiitike, usikimbie. Tembea kama hukusikia. Watakuita kwa sauti ya mama yako. Watakuita kwa sauti ya unayempenda kuliko wote, maana hiyo ndiyo sauti wanayoijua. Wewe tembea.

Hok akamimina pombe ya mtama, kikombe kidogo kidogo. "Tukimaliza hili," akamwambia Iusin taratibu, "tunakwenda kumtoa Seklan. Naapa."

Iusin akaitikia kwa kichwa. Kiapo hicho alikisikia mwaka huu, akakisikia mwaka jana, na mwaka juzi vita vilipoisha.

Sasa nikwambie jambo ambalo watatu wale hawakulijua. Iusin alikuwa ameshawauza.

Seklan ni dada yake mdogo, pekee aliyebaki. Wazazi wao walifukiwa na barafu wangali wadogo, na aliyewachukua ni Hok. Hakuwa ndugu wa damu. Aliwalisha, akampiga Iusin makofi alipostahili, akamfundisha Seklan kuogelea hewani kule kusiko na uzito. Iusin alipokua wakaapa udugu mbele ya madhabahu, Hok kaka, Iusin mdogo. Vita vilipokuja Seklan alikuwa mpishi kwenye meli ya Hok. Meli ikatekwa siku za mwisho. Hok akaponyoka. Seklan hakuponyoka.

Walimtia kwenye meli-jela iliyofungwa nje ya kituo. Humo hewa hupimwa. Wafungwa hupewa ya kutosha kuishi, si ya kutosha kusimama. Iusin aliruhusiwa kumwona mara moja, kioo katikati. Midomo ya msichana ilikuwa ya buluu. Alianza sentensi, akapumzika, akaimalizia. Alikuwa anauliza kama Kaka Hok hajambo. Iusin alitoka pale akijua dada yake hatomaliza mwaka mwingine mule.

Ndipo Kapteni Ribeiro alipomkuta akifagia. Mwanamke mkavu, mzaliwa wa Duniani, mwenye meli ya doria. Hakumtisha. Alikaa juu ya kreti akamwambia ana shida na mtu mmoja tu. Kwenye ule msafara uliochomwa alikuwepo mdogo wake wa kiume.

"Mlete Tan Thiam-hok mahali nitakapomfikia," alisema. "Siku hiyo hiyo dada yako anatoka."

Iusin aliomba jambo moja, na aliliomba kwa machozi. Asiuawe.

"Askari wangu watamwita kwa jina lake kamili," Ribeiro akasema. "Watamwambia asimame, ageuke. Akigeuka anapata pingu, anapata mahakama. Hakuna risasi kwa mtu anayegeuka."

Iusin aliona ni haki. Akakubali. Wakapatana kwamba askari watatokea nyuma, wakiwa wamevaa kama mahujaji wa hekaluni.

Utaniuliza: hakuona? Hakuona. Mtu hakai akawaza kwamba anapumua.

Saa saba mchana

Moshi ulijaa ushorobani mpaka taa zikawa kama viini vya mayai. Meza zilipangwa pande zote mbili. Bata wamelala chali, mananasi yamechomekwa vijiti vya ubani, bibi mmoja anawakemea ndugu wema wapange foleni, wasigombee. Pembeni ndoo za bati zikiteketeza pesa za karatasi.

Nyumba ya karatasi ikapita katikati. Kau mbele akivuta, Hok na Iusin nyuma wakisukuma, wote na kanzu nyeupe za mazishi. Watu wakawapisha. Askari wawili wa Muungano wakapisha pia, mmoja akaangalia ukutani. Hakuna anayetaka kugusa nyumba ya mfu.

Bohari ilikuwa na mlinzi mmoja. Hok alimshika shingo akamlaza taratibu kama anamlaza mgonjwa. Iusin akafungua.

"Mlinzi mmoja," Kau akanong'ona. "Siku zote wako wangapi, Uji?"

"Moshi unawakera. Wamejificha."

"Mmh," mzee akasema.

Vidani vilikuwa kwenye makreti ya plastiki. Vinene vya manahodha, vyembamba vya vibarua, kimoja kidogo sana kimechorwa jina la mtoto. Walivifunga kwenye pesa za karatasi visilie, wakavipanga chini ya sakafu ya nyumba. Hok alifanya kazi haraka, mdomo umefumbwa. Alipofika kwenye kimoja cha duara akasimama.

"Hiki changu," akasema. "Nilimvisha siku niliporudi nikawakuta nyinyi wawili mnalala jikoni kwa jirani."

Akakitia pamoja na vingine. Iusin akajifanya anakaza kamba. Aibu ilimpanda usoni kama homa. Lau angefungua mdomo wakati ule, angeweza kusema. Kaka, wako nyuma, wananisubiri mimi nitoke. Maneno machache tu. Akaona midomo ya buluu. Akakaza kamba.

Saa nane kasoro

Walitoka. Bihong alikuwa gati la barafu, mlango wazi, injini inanguruma. Redioni akauliza kama Bibi Harusi ameshapambwa. Hok akamjibu ameshapambwa, atandike mkeka.

Kau alivuta mkokoteni mbele. Dhahabu iliufanya uwe mzito, na kwenye mteremko wa mwisho ukaanza kujiendea wenyewe. Mzee akakimbia nao. Hok akabaki nyuma kidogo. Iusin nyuma ya Hok. Na nyuma ya Iusin, ndani ya moshi, mahujaji wanne waliokuwa hawana ubani mkononi.

Mlango wa gati ulionekana. Hok alikuwa anatembea mwendo wa mtu anayerudi kwake.

"Tan Thiam-hok!"

Sauti ya kigeni, jina limetamkwa vibaya.

"Tan Thiam-hok! Simama! Geuka!"

Bibi aliyekuwa mezani akaziba masikio ya mjukuu wake. Ushoroba mzima ukanyamaza. Na Hok akaendelea kutembea.

Hakukimbia. Hakuharakisha. Mikono imening'inia, shingo imenyooka, hatua zile zile. Alikuwa anafanya alichofundishwa tangu akiwa mdogo, alichomfundisha Iusin mwenyewe, na ndipo hapo Iusin alipoelewa. Aligeukia nyuma akawaona wameinua bunduki.

"Ngojeni," akasema. Hakuna aliyengoja.

Akageuka tena akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Kaka Hok! Ni mimi! Geuka, kaka! Geuka!"

Mabega ya Hok yakashtuka. Hapo alisikia, kila mtu aliona kwamba alisikia. Hatua moja ilisita hewani. Kisha akaiweka chini, akapiga nyingine.

Wakafyatua.

Kau aliachia kelele moja chafu, akausukuma mkokoteni ndani ya gati na yeye mwenyewe akajitupa juu yake. Mkono mpana wa Bihong ukamvuta. Mlango ukajifunga. Kituo kikatikisika walipochomoka.

Iusin alikuwa chini ameshika kichwa cha Hok. Kanzu nyeupe ilikuwa inalowa mgongoni, joto lake linapita vidoleni. Hok alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilidhani si wewe."

"Ni mimi, kaka."

"Sauti yako. Nikasema, loo, hawa leo wamenipata. Wamechukua ya dogo." Akavuta pumzi, ikagoma. "Kimbia basi. Watakukamata."

Hakujua. Alikufa akimwambia akimbie, na Iusin hakukimbia, na askari hawakumkamata. Walisimama pembeni wakimsubiri amalize kulia.

Saa tisa na nusu

Kapteni Ribeiro alimpandisha kwenye meli yake ya doria. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

"Nilikuahidi asife," akasema. "Kwa nini hakugeuka? Mtu asiye na silaha mkononi, ameitwa mara mbili, kwa nini hageuki?"

Iusin akamweleza. Mwezi wa saba, ndugu wema, sauti ya umpendaye. Alieleza kwa maneno machache na kila neno lilimkata. Ribeiro alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisahau."

"Ulisahau desturi yako?"

"Nilisahau kwamba nyinyi hamjui."

Ribeiro akageuzia uso dirishani. Nje Mshtarii ilijaza nusu ya anga, nyekundu na chafu. Iusin alisimama pale na swali likamwingia ambalo halikumtoka tena maisha yake yote. Je, kweli nilisahau? Au kuna mahali ndani yangu palipokumbuka pakanyamaza, maana aliyekufa hamuulizi mtu kitu mahakamani? Alijitafuta moyoni kwa hofu.

"Bado wawili," Ribeiro akasema.

"Ulisema mtu mmoja."

"Nilisema kabla bohari haijaibiwa. Wakubwa wangu wanataka dhahabu. Bila hiyo siwezi kusaini dada yako atoke. Sifurahii hili, wala wewe usilifurahie. Wako wapi?"

Hapo ndipo kosa linapoanza kulea kosa. Mtu akiuza kitu kikubwa, kidogo kinachobaki anakitoa nyongeza. Iusin alijaribu kukataa, na kwa dakika kadhaa alikataa kweli. Alisema hajui. Alisema hata angejua. Ribeiro hakubishana. Alimwonyesha meli-jela kwenye skrini, taa zake ndogo zikiwaka na kuzima.

"Makaburini," Iusin akasema. "Tulipatana tukitawanyika tukutane huko."

Makaburi ni mabaki ya vita, mamia ya meli zilizopasuka zikizunguka pamoja kama takataka kwenye maji ya mfereji. Chombo kidogo kikizima injini humo hukioni hata ukipita pua kwa pua. Doria ilizunguka mara ya kwanza, ikazunguka tena. Taa ilimulika vyuma, suti tupu, kiti kimoja kinachoelea peke yake. Rubani wa Ribeiro alilalamika kwamba wanachezea roho zao, chuma kimoja kikiwagonga wamekwisha.

Ribeiro akamsogezea Iusin redio.

Alikishika kipaza sauti kama kitu cha moto.

"Kisigino. Uji hapa."

Kimya. Mikwaruzo tu. Akarudia. Akarudia tena. Mwishowe sauti ya Bihong ikatoka chini chini.

"Uji. Uko hai wewe?"

"Nimeponyoka. Nimeiba mashua ya gati."

"Bibi Harusi yuko wapi?"

Ribeiro alikuwa anamtazama. Rubani alikuwa anamtazama. Iusin akafumba macho, akamwona Seklan akianza sentensi na kupumzika katikati.

"Yuko nami," akasema. "Wamempiga mguuni. Anavuja damu sana. Washeni taa nije."

Redioni kukawa na mvutano. Kau alisikika akikoroma kwamba asiwashe, dogo huyu ananuka tangu asubuhi, amsikilize mzee japo mara moja. Bihong akamwambia anyamaze, mtu anavuja damu.

"Mpe redio niongee naye," Bihong akasema.

"Hawezi kuongea."

"Mwambie basi namtandikia mkeka. Mwambie asife kabla sijamcheka."

Ndani ya tumbo la meli moja iliyopasuka, taa ndogo ya manjano ikawaka. Kebo za doria zikatoka na kukidaka chombo kabla injini haijashika moto. Kau alitukana kwa lugha zote alizojua. Walipomtoa Bihong na kumpitisha mbele ya Iusin, akaangalia huku na huku kumtafuta Hok. Alipokosa kumwona, ndipo akamtazama Iusin. Alielewa. Uso wake ukawa mtupu, na Iusin angependa kupigwa.

Saa kumi na mbili jioni

Mlango wa meli-jela ulifunguka kwa kishindo. Ribeiro alisaini, akamkabidhi Iusin karatasi bila kumtazama, akaondoka zake.

Seklan alitoka ameshika ukuta. Nywele zimenyolewa, mifupa ya shingo imetokeza, gauni la jela jembamba. Akavuta hewa ya kituo mara moja, kubwa, akakohoa, akaanza kucheka. Iusin akamkumbatia. Alikuwa mwepesi mno. Kwa muda mfupi alisahau kila kitu, akawa na furaha tupu, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake kwamba aliipata hata hiyo.

"Una jasho," Seklan akasema. "Wewe unakula?"

"Nakula."

"Mimi nataka uji wa viazi. Na samaki wa chumvi. Na halafu nataka kulala mpaka mwakani."

Ushoroba ulikuwa mwembamba. Wanaotoka na wanaoingia hupishana papo hapo. Askari wakawaleta Bihong na Kau, pingu mikononi. Kau alipomfikia Iusin alitema mate mekundu ya popoo juu ya viatu vyake, akapita. Bihong alisimama mbele ya Seklan. Akamwona anavyotetemeka.

Akamwomba askari amfungulie pingu mkono mmoja. Kwa tabu akavua koti lake la kazi, lile zito la wachimba barafu, akamtupia msichana mabegani.

"Vaa, mdogo wangu. Huku nje nako kuna baridi."

Kisha akaingia. Mlango ukajifunga.

Seklan alijikunyata ndani ya koti. "Yule dada ni nani?"

"Simjui," Iusin akasema.

"Humjui na ananivulia koti lake?" Akakunja mikono ya koti iliyomzidi. Akaanza kutembea, polepole, akishika ukuta. "Twende kwa Kaka Hok kwanza. Nimekaa mule nikipanga nitakachomwambia. Nitamwambia meli yake ilikuwa na jiko bovu kuliko yote angani. Mbona hakuja kunipokea? Bado anatafutwa?"

Iusin hakusogea.

"Kaka?"

Alikuwa na uongo tayari. Hok amesafiri. Hok amejificha, atatuma habari. Siku ile alikuwa amedanganya watu wote aliowapenda, na uongo mmoja zaidi ungekuwa rahisi. Lakini alimwangalia dada yake ndani ya koti la Bihong na hakuweza kuutoa.

"Amekufa," akasema. "Leo. Nilimuuza mimi, ili wewe utoke. Yule dada na yule mzee nao nimewauza mimi. Walikuwa rafiki zake. Rafiki zangu."

Seklan alimtazama. Rangi iliyokuwa imeanza kumrudi midomoni ikaondoka.

"Aliniuliza mtu?" akasema hatimaye.

"Ungekufa mule, Seklan."

"Nauliza. Kuna mtu aliniuliza?"

Iusin alinyoosha mkono kumshika, naye akarudi nyuma hatua moja, si kwa hasira, kama anavyorudi mtu aliyeona shimo. Akageuka. Akaushika ukuta akarudi alikotoka, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Alipofika kwenye mlango wa meli-jela akaanza kuugonga kwa kiganja.

Dirisha dogo likafunguka. Askari akamuuliza amesahau nini.

"Nifungulie. Umtoe yule dada, mimi niingie."

Askari akamwambia haiwezekani, ameshasainiwa, aende nyumbani. Akafunga dirisha.

Seklan akaendelea kugonga. Iusin alimwita kwa upole, akamwita tena, akamwambia waende, uji utapoa. Msichana alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye chuma, koti limemfunika mpaka magotini, na kiganja chake kilikuwa kinagonga.